Msikate Kwenye Pete

Siku mkuu wa mudugudu, kiongozi wa mtaa wetu, alipokuja kuuchora mti wetu wa mvumu msalaba mwekundu, nilikuwa jikoni. Wageni wakija, mimi huenda jikoni. Si kwamba huwa kuna kazi. Ni kwamba jikoni hakuna mtu wa kuniuliza ninasoma mwaka wa ngapi, na mbona nimerefuka hivi halafu sisemi. Dirisha letu la jikoni ni dogo lakini linatosha jicho moja, na jicho moja liliona kila kitu: kopo la rangi, brashi, mkuu wa mudugudu akilipangusa gome kwa kiganja kwanza kama anayesafisha meza, kisha mstari wa kwanza, kisha wa pili juu yake.

Pembeni yake alisimama jirani yetu. Mtaa mzima unamwita Afande ingawa alistaafu jeshi zamani. Alikulia Uganda, na Kiswahili chake ni cha kambini, kifupi, kila sentensi kama imevaa buti. Alikuwa amemjengea mama yake mzazi chumba kipya, kikiegemea ukuta wa mawe meusi unaotutenganisha. Juu ya bati la chumba hicho yalining'inia matawi ya mvumu wetu, na ubavuni mwa mvumu, upande huohuo, palikuwa pameota uyoga.

Si uyoga wa kula. Ule ulikuwa mgumu kama ubao, kahawia juu, mweupe chini, umejishikiza kwenye shina kama sikio la mtu anayesikiliza mambo ya majirani.

"Usinielewe vibaya," Afande alimwambia mama yangu. "Mimi sina vita na mti. Lakini mti ukishatoa masikio namna hii, ujue ndani limebaki ganda. Utaanguka. Na utaanguka wapi? Kitandani kwa mama yangu."

"Sawa, Afande."

"Umuganda ujao, Jumamosi ya kazi za pamoja, tunauangusha. Vijana wapo, msumeno upo. Nyinyi hamtagusa kitu."

"Sawa."

Mama yangu husema sawa. Alizaliwa Karagwe, Tanzania, akarudi Rwanda akiwa msichana, na nadhani mtu anayeingia mahali kama mgeni hujifunza neno hilo kabla ya mengine. Simlaumu. Lakini mimi, mbele ya sufuria ya maharage, nilisema kwa sauti: "Si sawa." Hakuna aliyenisikia. Nilijisikia mwenyewe, na kwa mtu kama mimi hiyo tayari ni hotuba.

Mvumu, kwa asiyeujua, ni mti wa ukoo wa mkuyu. Majani mazito, utomvu mweupe kama maziwa, mizizi iliyojikunja juu ya ardhi kama magoti. Hakuna anayejua nani aliupanda wetu. Mama alitoka Karagwe, Afande alitoka Mbarara, na shangazi yangu, dada wa marehemu baba, ambaye tunamwita Tantine kwa desturi ya Goma, anatoka huko Goma ng'ambo ya mpaka, na tangu mambo ya kule yaharibike analala kwetu zaidi kuliko kwake. Ukiuliza katika mtaa wetu mwenyeji ni nani, watu watatazamana. Mwenyeji ni ule mti. Mama hushona nguo chini yake, cherehani yake imekaa hapo tangu sijaanza shule. Wateja hupimwa pale, hugeuzwa, huinua mikono, husema mambo yao. Mimi hukaa upande wa pili wa shina, kati ya mizizi, na kitabu. Karibu kila ninachokijua kuhusu watu nimekisikia hapo bila kuulizwa maoni yangu.

"Ile muti ikikatwa," Tantine alisema jioni ile huku akivua viatu, "we utakuwa unajificha wapi?"

Alikuwa ananichokoza. Sikucheka.

"Haukatwi."

"Ee? Nani amesema?"

"Mimi."

Tantine akamgeukia mama. "Yewe! Huyu mutoto iko na mudomo? Miaka yote mi nilizania ni picha tu."

Mama alikuwa anapunguza utambi wa maneno, kama kawaida yake, ili nyumba isiungue.

Lakini mimi nilijua jambo ambalo wao walikuwa wamelisahau. Uyoga ule haukuota popote tu. Uliota kwenye kovu. Nilikuwa bado shule ya msingi tawi kubwa la upande ule lilipokatwa, na nakumbuka vizuri kwa sababu mtaa mzima ulipiga makofi.

Ili uelewe makofi yale, lazima uelewe usafi wetu. Sisi tunafagia mpaka vumbi. Udongo wa uani unabaki na mistari ya ufagio, na ukikanyaga mistari hiyo asubuhi unaulizwa una haraka ya nini. Mawe ya kando ya njia yanapakwa chokaa. Ua wa miti unapunguzwa kwa kuvuta kamba, usipite usipungue. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, kwenye umuganda, watu wote wanatoka na mapanga na mafagio, na mtaa ukimaliza kazi unatazama mtaa wa pili kuona kama wamezidiwa. Kwa watu kama hao, tawi lililokatwa likaacha kisiki kimechomoza ni aibu. Ni kama shati lisilofungwa vifungo. Kwa hiyo walikata mpaka kwenye shina lenyewe, bapa kabisa. Afande mwenyewe alipanda ngazi, akapitisha kiganja juu ya kidonda, akasema:

"Laini kama kichwa cha kuruti!"

Hapo ndipo makofi yalipopigwa. Kisha wakapaka oili chafu ya gari, kisha juu yake chokaa. Mti ulipendeza. Ulipendeza miaka kadhaa, mpaka ulipotoa sikio.

Wiki ile ya msalaba mwekundu nilifanya kitu ambacho wenzangu darasani hawangeamini: kipindi cha biolojia kilipokwisha, nilibaki. Nilisubiri wote watoke. Mwalimu alikuwa anafuta ubao.

"Mwalimu, mti ukikatwa unaponaje?"

"Hauponi," alisema bila kugeuka. "Ngozi yako inapona. Mti unafungia." Kisha akageuka kuona ni nani aliyeuliza, na uso wake ukawa kama wa Tantine jioni ile. Akachukua chaki. Alichora shina, akachora tawi, na pale vinapokutana akachora mvimbe mdogo, kama pete kwenye kidole kilichonenepa. Hapo, alisema, ndipo mti unapoweka askari wake. Tanini, fenoli, vitu vichungu vichungu ambavyo kuvu haivipendi. Tawi likikatika nje ya pete, mti unajenga ukuta kwa vitu hivyo, na kuvu inayoingia kwa kidonda inakuta mlango umefungwa. Ukikata pete yenyewe, umetupa mlango pamoja na mlinzi.

"Na kama pete imeshakatwa?"

"Basi kuvu imeingia. Kilichooza hakirudi, binti. Usimwamini mtu atakayekuuzia dawa ya kukirudisha."

"Na ambacho hakijaoza?"

"Hicho," alisema, "unaweza kukipigania. Lakini jaribu kwanza. Na uwe na chupa moja usiyoitia chochote, ya kulinganishia, usije ukajidanganya."

Nilirudi nyumbani nikiwa naongea peke yangu njia nzima.

Nilikusanya chupa tupu za jemu na za siagi ya karanga. Nikachukua tawi la mvumu lililoanguka lenyewe, nikalikatakata vipande, nikavichemsha kuua vijidudu. Nikabandua kipande cha lile sikio la mti na kuweka chembe yake katika kila chupa, juu ya unga wa mbao wenye unyevu. Kipande kimoja cha mti nilikipaka oili chafu niliyoiomba kwa fundi wa pikipiki. Kingine chokaa. Kingine majivu, kingine kitunguu saumu kilichopondwa, kingine mafuta ya karafuu yale ya kutia ganzi jino. Kimoja nilikiacha uchi. Na viwili vilikuwa vinasubiri kitu ambacho Tantine pekee angeweza kunipatia.

Tantine huuza asali. Huichukua kwa wafugaji wa nyuki wa Nyakiriba na kuvuka nayo mpaka akiwa ameibeba kichwani. Nilimwomba aniletee ile gundi nyeusi ambayo nyuki huzibia nyufa za mzinga.

"Ile takataka? Batu banaitupa. Unataka kuila?"

"Nataka kuupaka mti. Nyuki wanaitoa kwenye utomvu wa miti na vichipukizi. Ni dawa ya miti, Tantine. Nyuki wameiazima tu."

"Bon." Akakaa chini, akajikanda kiuno. "Donc muti iko mugonjwa, inapata dawa. Mi niko na mugongo tangu mwaka jana, hakuna mwenye ameniuliza."

Lakini aliileta, tonge zima limefungwa kwenye jani la mgomba, na harufu yake ilikuwa nzuri kuliko asali yenyewe.

Gundi ile haiyeyuki kwa maji. Inataka spiriti. Nilikuwa nimefunga mlango, naikoroga kwenye kikombe, mama alipoingia bila kubisha.

"Nini kinanuka?"

"Spiriti, Mama."

"Spiriti ya nini?"

"Ya duka la dawa."

Sisi ni watu wa kanisa, na siyo kanisa la mzaha. Mama alichukua kikombe akanusa. Akaweka chini. Akasogeza uso wake kwenye uso wangu.

"Pumua."

Nikapumua.

"Tena."

"Acha kumupima kama polisi ya barabarani," Tantine alisema mlangoni. "Huyu angekunywa, angekuwa anaongea."

Mama alicheka bila kutaka, akaziba mdomo kwa kanga, na hapo nikajua chupa zangu zitabaki chini ya kitanda.

Sitasema mengi kuhusu zile siku za kusubiri. Nilikuwa napiga magoti kila nikitoka shule, na Tantine alidhani nimeanza kusali sana. Kipande cha uchi ndicho kilichoanza: nyuzi nyeupe, laini kama pamba iliyochambuliwa, zikakimeza chote. Kitunguu saumu kilipigana vizuri mpaka harufu ilipokwisha, kisha nacho kikaliwa. Majivu hayakufanya kitu. Chokaa ilizuia palipokuwa na chokaa, lakini ilipopasuka nyuzi zikapita kwenye ufa. Oili ndiyo iliyonikasirisha. Kwa juu kipande kilikuwa cheusi, kinang'aa, kizuri. Nilipokikwangua kwa kijiti, chini yake kulikuwa kumejaa weupe. Oili ilikuwa imefungia unyevu ndani, na kuvu ilikuwa inakula kimya kimya chini ya blanketi.

Karafuu ilikuwa safi, na pembeni imeanza kulegea. Gundi ya nyuki ilikuwa safi. Na kile kipande nilichokipaka gundi iliyochanganywa na karafuu kilikuwa kama nilivyokiweka siku ya kwanza.

Nilikaa sakafuni. Najua chupa siyo mti. Mti una mvua, una jua, una mchwa, una watu. Lakini nilikuwa nimeona kwa macho yangu jambo moja: kile tulichokuwa tunakiita usafi ndicho kilichokuwa kinaua.

Mara ya kwanza nilipokwenda kwa Afande, nilifika getini, nikasikia redio yake, nikarudi. Ndivyo ilivyokuwa. Mara ya pili nilibeba chupa kwenye kikapu cha mama ili mikono iwe na kazi. Mama yake Afande alikuwa ameketi kwenye kiti anaota jua. Afande alikuwa anapiga viatu rangi.

"Umetumwa na mama?"

"Hapana."

Mimi nilizipanga chupa kwenye ngazi ya baraza lake.

"Hii ni oili," nilisema. "Hii ni chokaa. Hii haina kitu. Hii ni gundi ya nyuki."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mlipolikata lile tawi mlikata pete. Pete ndiyo yenye dawa ya mti. Halafu mkapaka oili, uyoga ukala chini ya oili."

"Mlikata, mlikata. Nani alikata?"

Niliviangalia viatu vyake. Kimoja kilikuwa kinang'aa, kingine bado.

"Ni wewe, Afande."

Brashi ikasimama. "Binti. Mimi nimelala chini ya miti, msituni, mvua inanyesha, baba yako hajafikiria hata kuoa. Leo wewe ndiye utanifundisha mti?"

"Hata kuku wanalala mtini, Afande."

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Nilitamani kuyarudisha mdomoni kwa mkono. Lakini yule bibi kwenye kiti alicheka, akacheka mpaka akakohoa, akawa anapiga goti lake na kurudia neno kuku kwa Kinyarwanda, "Inkoko! Inkoko!" Afande alimtazama mama yake, akanitazama mimi. Uso wake ulikuwa umefunga.

"Haya. Huyu anayecheka," alisema taratibu, "ndiye analala pale. Mti ukimwangukia, utaniletea chupa?"

Hilo lilikuwa swali la haki, na nilikuwa nimelala nalo siku nyingi.

"Msiuangushe. Toeni matawi yote ya juu ya upande wako. Mti utakuwa mwepesi huku, hautakuwa na cha kuangushia kwako. Lakini mkate nje ya pete, na mniache nipake."

Aliingia ndani akatoka na nyundo, akapita getini kwetu bila kusema hodi, nami nikamfuata mbio na kikapu. Akaanza kuligonga shina, sikio karibu na gome. Penye kovu lililia kama ngoma. Akasogea. Lililia kama ngoma kidogo. Akasogea tena, akazunguka, akagonga, na huko kote lililia kama jiwe. Mama alikuwa ameacha kukanyaga cherehani.

"Matawi tu," Afande alisema mwishowe, akimtazama mama na siyo mimi. "Nitaongea na mkuu. Lakini nasema mara moja. Nikiona sikio kwenye kidonda kipya, hata moja, mti mzima unakwenda chini. Na sitaomba ruhusa."

"Sawa, Afande," mama alisema.

Siku ya umuganda walikuja wengi, maana habari zilikuwa zimezunguka kwamba kuna msichana anaupaka mti dawa ya nyuki. Nilikuwa na kopo langu na brashi. Kijana aliyepewa msumeno ni yule anayesifiwa mtaani kwa mkono safi. Juu ya ua anaoukata yeye unaweza kuweka yai lisidondoke. Alipanda ngazi, akafyeka vitawi vidogo, akashika tawi la kwanza kubwa. Na mkono wake, kwa mazoea, ukauweka msumeno bapa kwenye shina.

Nilisema, "Siyo hapo." Hakuna aliyesikia. Msumeno ukaanza. Unga mweupe ukamwagika, na utomvu nao ukaanza kutoka.

"Usikate hapo! Acha!"

Nadhani walinisikia mpaka ziwani. Mafagio yalisimama. Mtu mmoja nyuma akauliza, "Yule bubu leo kafunguliwa na nani?" na wengine wakacheka. Kijana akaniangalia kutoka juu.

"Hapa ndipo panapokatwa. Nikiacha kitabaki kisiki. Mtaa wa pili watasema sisi wachafu."

"Waseme."

Nilikuwa nimeshaanza kupanda ngazi ya pili na sketi yangu ya kanisani. Nilitoa mfukoni chaki ya mama ya kuchorea nguo, ile bapa ya bluu, nikachora mstari kulizunguka tawi, nje ya ule mvimbe. Nikaenda tawi la pili, nikachora. Mkuu wa mudugudu aliinamisha kichwa huku na huku.

"Itaonekana vibaya," alisema. "Kama vidole vilivyokatika. Wakaguzi wa usafi wakipita tutasema nini?"

"Kwa kweli haipendezi," Afande alisema.

Nilikuwa juu ya ngazi na nilikuwa nimemaliza maneno. Hivyo ndivyo ninavyokuwa: yanakuja yote kwa pamoja, kisha yanakwisha. Nilihisi macho ya mtaa mgongoni, na nilijua nikifungua mdomo nitalia.

Ndipo mama alipoweka ufagio chini.

"Afande," alisema. "Nguo nikiikata kwenye mstari wa mshono wenyewe, nitashona nini? Lazima niache kitambaa cha kushonea. Ule mvimbe ndio kitambaa. Uacheni mti ujishone."

Wanawake waliovaa nguo alizoshona mama walikuwa wengi pale. Mmoja akasema, "Ni kweli lakini." Mwingine akashangaa kwa Kinyarwanda, "Mbega! Kumbe ni hivyo?" Kijana wa msumeno akashuka daraja moja, akasogeza meno kwenye mstari wa bluu, akakata.

Matawi yalianguka moja moja upande wa Afande, na mimi nikawa napanda nyuma ya msumeno na kopo langu, napaka kila kidonda kikiwa bado kibichi, naingiza brashi mpaka ukingoni mwa gome. Harufu ya karafuu ikasambaa. Mzee mmoja akauliza nani anapika pilau mapema hivi. Walipomaliza, Afande alikuja na ndoo ya chokaa.

"Tuweke weupe kidogo. Angalau."

"Hapana, Afande. Ubaki hivyo."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Mvumu wetu ulibaki na visiki vifupi vya kahawia, mbaya kweli kweli, na watu wa mtaa wa pili walisema kila walichotaka kusema.

Mvua zilikuja, zikapita. Kila nikitoka shule niliegemeza ngazi na kupanda. Kwenye vidonda vipya gome lilianza kujikunja kuelekea ndani, taratibu, kama mdomo wa mtu anayekataa dawa. Kidonda baada ya kidonda, safi. Lile kovu la zamani liliendelea kuoza ndani yake, na sikuligusa, kwa sababu kilichooza hakirudi na mimi siyo mwongo.

Kisha mwezi uliopita nikakuta sikio.

Dogo, kama ukucha, bado jeupe na laini. Lilikuwa kwenye tawi la kwanza, upande wa chini, palepale meno ya msumeno yalipong'ata pete kabla sijapiga kelele. Dawa yangu ilikuwa juu yake na halikujali.

Nilikuwa peke yangu uani. Kuling'oa kungekuwa kazi ya vidole viwili. Afande macho yake hayafiki kule juu, na mama asingeuliza. Nilikaa juu ya ngazi muda mrefu nikilitazama, nikakasirika, siyo kwa sikio, bali kwa mawazo yangu. Nikaita kwa nguvu kupita juu ya ukuta.

"Afande! Njoo uone!"

Alikuja. Alipanda ngazi akihema, akatazama. Nilimwonyesha kwa kidole.

"Hapa ndipo msumeno ulipogusa pete. Tazama mstari wake. Sasa tazama hili tawi. Na hili. Na lile. Huko pete ilibaki, na dawa ikafanya kazi. Kuna sikio?"

Alitazama yote. Alichukua muda wake, akaweka kidole kwenye gome lililojikunja, akabonyeza.

"Nilisema nini kuhusu sikio?"

"Ulisema hata moja, mti unakwenda chini."

"Na wewe unasema nini?"

"Mimi nasema hapana."

Tulikuwa kwenye ngazi moja, yeye juu, mimi nimeshuka nusu, na sikuviangalia viatu vyake. Nilimwangalia usoni. Ana makunyanzi madogo kando ya macho ambayo sikuwahi kuyaona.

"Mti huu utaanguka siku moja, binti."

"Miti yote inaanguka. Lakini kwako hauangukii tena, uzito wote sasa uko huku kwetu. Ukianguka, utaanguka kwetu."

Aligeuza kichwa akafuata matawi yaliyobaki kwa macho, mpaka bati la nyumba yetu, mpaka dirisha.

"Kile ni chumba chako."

"Najua."

"Hamisha kitanda."

"Nimeshahamisha. Nalala na Tantine, na Tantine anakoroma kama lori la bia linalopanda kutoka kiwandani Rubona. Mimi navumilia, Afande. Na wewe vumilia."